Kichwa cha Bibi Harusi Kina Wenyewe

Kwetu Upare, mahari ikishapokelewa na tangazo likishasomwa kanisani, wanawake waliulizana kwanza jambo moja: nani atashika kichwa? Gauni lingeazimwa. Mahindi na maharage ya makande yalikuwepo, na mbuzi wa kuchinja alishajulikana hata kwa rangi. Lakini kichwa cha bibi harusi hakikushikwa na kila mwenye vidole. Kilikuwa na wenyewe: shangazi wa upande wa baba, mama wadogo, na mke wa mzee wa kanisa, aliyepita jioni kuhakikisha kwamba mapambo hayajavuka mpaka. Bibi harusi mwenyewe hakuwa miongoni mwao.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kusikia wanawake wa rika langu wakiwaambia mabinti kwamba zamani bibi harusi alikuwa wa asili, hana makuu, na kwamba uharibifu umeletwa na simu. Hiyo zamani niliikuta. Nilishika uzi, nilipuliza mkaa, nilitumwa maji mtoni. Uzuri ulikuwepo, tena mwingi, ila sio huo wanaousimulia.

Mimi ni mzaliwa wa Gonja, Upare Kusini, upande ule unaotazama mbuga ya Mkomazi. Kwa baba ni Walutheri. Kwa mama ni Wasabato wa Mamba, huko ambako wamisionari kutoka Ujerumani walianzisha kituo cha Giti mwaka 1903, na ndipo Usabato ulipoanzia katika nchi hii. Mtu asiyejua maana ya kuwa na ukoo wa namna hiyo, ajaribu kumpamba binti mbele yao. Kwa wajomba zangu hereni ilikuwa dhambi, mkufu ulikuwa dhambi, na pete ya ndoa ilikuwa jambo la kuombewa. Kwa shangazi zangu pete ilikuwa sawa, hereni ndogo ilivumilika, ila mdomo mwekundu ulikuwa wa wanawake wa stesheni, yaani wale wa kule chini reli inakopita. Kati ya kambi hizo mbili palikaa kigoda, na juu ya kigoda palikaa dada yetu mkubwa, kichwa ameinamisha.

Aliolewa mwaka 1981. Wenye umri watakumbuka ulikuwa mwaka wa namna gani. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 lakini njaa ya bidhaa ilibaki. Sabuni ilipangiwa foleni, na duka la ushirika lilikuwa na muuzaji, mizani na rafu tupu. Taveta, ambako watu wa Upare walizoea kuvuka kununua vitu vidogo vidogo, kulikuwa kumefungwa: mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977 na haukufunguliwa mpaka 1983. Kwa hiyo kopo la poda lililofika nyumbani wiki ile lilifika usiku, ndani ya gunia la mahindi, na sisi watoto tulikatazwa kuuliza. Ilikuwa poda ya watoto wachanga. Ndiyo vipodozi vyote vya harusi ile, ukiacha mafuta ya nyonyo ambayo bibi aliyachemsha mwenyewe kutokana na mibarika ya nyuma ya zizi.

Shangazi aliwasili Jumatatu kutoka Mbaga, kwa miguu, na chanuo lake la chuma limefungwa ndani ya kanga. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye kichwa. Alikuwa amewasuka wote: mama yangu alipoolewa, dada zake, binti za majirani. Alifumua nywele za dada, akaziosha kwa maji ya vuguvugu, akazitia nyonyo, kisha akaanza mabutu: fungu dogo la nywele, uzi mweusi unazungushwa kutoka kwenye ngozi hadi nchani, unakazwa, unafungwa. Kazi yake ni kuvuta nywele zirefuke bila moto. Ilichukua jioni nzima, na kesho yake akafumua akakaza upya. Mimi nilishika kibunda cha uzi, na kwa sababu hiyo sikufukuzwa.

Kwenye mabutu yale ndipo maneno yalipokuwa. Mtu aliyeshikwa kichwa haondoki, wala hawezi kumtazama msemaji usoni, na wanawake wa Kipare walilijua hilo vizuri. Dada aliambiwa mama mkwe wake anapenda nini na anachukia nini. Aliambiwa yupi kati ya shemeji zake asimsogelee akishakunywa dengelua. Aliambiwa fedha ya mauzo ya kahawa inafichwaje, na kwamba mwanamke asiye na fedha yake huomba ruhusa hata ya kukohoa. Mengine siwezi kuyaandika katika jarida linalosomwa na watoto wa shule. Yote yalisemwa kwa sauti ya chini, kwa Chasu, lugha yetu ya Kipare, katikati ya kukaza uzi. Leo maneno ya aina hiyo yanatolewa kwenye kicheni pati, kwa kipaza sauti, na mshereheshaji wa kulipwa ambaye hajawahi kumwona huyo mama mkwe.

Alfajiri ya Jumamosi mabutu yalifumuliwa na chanuo likawekwa kwenye jiko la mkaa. Nilikuwa mpuliza mkaa. Shangazi alilipima kwenye karatasi ya daftari: karatasi ikigeuka kahawia, chanuo lirudi chini, lipoe, ikibaki nyeupe, lipite. Nyonyo ilipokutana na chuma iliunguruma, na moshi wake ulikaa kwenye nguo zetu mpaka jioni. Kila alipofika karibu na sikio alilikunja kwa vidole vyake mwenyewe, ili chuma kikiteleza kiunguze vidole vya msusi na siyo sikio la bibi harusi. Na nyuma ya sikio la kushoto hakupitisha kabisa. Dada aliungua hapo akiwa mtoto, ngozi ilikuwa laini, na shangazi hakuhitaji kuambiwa kwa kuwa ndiye aliyempaka dawa ya majani siku ile ya kuungua. Huo ndio uzuri ninaousema. Kichwa kilishikwa na mtu aliyekuwa na historia yake.

Lakini sikilizeni na sehemu ya pili. Dada alikuwa mwalimu. Chuoni alikuwa ameona wenzake wanaacha nywele zao zilivyo, zinachanwa duara, na aliniambia mimi, usiku, kwamba angependa kuingia kanisani hivyo. Ijumaa alijipa moyo akamwambia shangazi. Shangazi hakukasirika. Alicheka, akasema, "Mwanangu, watu watadhani umetoka kuchanja kuni." Wanawake wote wakacheka, na jambo likaishia hapo. Hakuna aliyerudi kuliuliza tena.

Wanja nao ulikuwa na kesi yake. Shangazi aliutaka. Mama mdogo wa Mamba alisema macho aliyoyapaka Yezebeli tunayajua. Palikuwa na nukuu za Biblia kutoka pande zote mbili, na kwa kuwa sisi ni Wapare, ambao watani zetu Wachaga husema tunauza ng'ombe kufuatilia kesi ya kuku, nilitegemea kesi ile ifike mahakama ya mwanzo. Ikaamuliwa na bibi, kwa hoja isiyo ya dini: atalia. Bibi harusi alipaswa kulia wakati wa kuagwa; asiyelia alisemwa kwamba kwao alikuwa amewachoka. Wanja na machozi havikai pamoja. Basi dada akapakwa mafuta ya mgando, poda juu yake, na safari ya kanisani ikaanza.

Mpiga picha alitoka Same na filamu yake ya picha 36, nyeusi na nyeupe, ikaenda kusafishwa Moshi. Picha ninayo. Uso wa dada ni wa kijivu kwa ajili ya ile poda, mikono ni myeusi, na hatabasamu, kwa sababu hilo nalo lilikatazwa. Mjukuu wangu aliiona akauliza kama ilipigwa msibani.

Wigi halikutajwa na mtu yeyote, na hapo lazima nimtaje mwenyewe mwingine wa kichwa: serikali. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, vimini, suruali za kubana, mawigi na vipodozi vya kuchubua ngozi vilipigwa marufuku kwa jina la utamaduni wa taifa. Dar es Salaam wanawake walizomewa na kuchaniwa nguo hadharani hata kabla tarehe hiyo haijafika. Mashindano ya Miss Tanzania nayo yalizimwa, yakakaa gizani mpaka mwaka 1994. Ndugu yetu mmoja, mwalimu mwingine, alilifungia wigi lake sandukuni Same na hakulivaa tena, ingawa nina hakika hakuna kijana wa TANU aliyewahi kupanda mlima hadi Gonja kukagua vichwa. Hofu ilipanda yenyewe. Kuhusu mkorogo vijana wale walikuwa na hoja, nitaeleza. Ila ni ajabu kwamba taifa zima lilipotafuta pa kuanzia kujenga utamaduni wake, lilianzia kichwani na magotini mwa mwanamke.

Jirani zetu Waislamu wa kule chini, Ndungu na Kihurio kwenye mashamba ya mpunga, walikuwa na taratibu nyingine, na tuliwaonea wivu. Bi harusi wao alifungiwa ndani, akasingwa kwa liwa, akafukizwa udi, akachorwa hina mikononi na miguuni. Wanja kwao haukuwa na kesi. Rafiki yangu wa shule aliolewa hivyo, na alipotoka ngozi yake ilikuwa inang'aa bila poda. Hata hivyo kungwi wake ndiye aliyesema achorwe maua gani, apakwe wapi na wapi pasiguswe. Tuliowaonea wivu tuliona harufu nzuri tu.

Kisha milango ikafunguliwa. Kuanzia mwaka 1984 serikali ililegeza masharti ya biashara, mitumba ikamiminika, na pamoja na mitumba zikaja dawa za nywele. Saluni zikaota Same mjini, karibu na stendi: kioo, viti vya plastiki, draya moja, na picha za wanawake weusi wa Marekani zilizokatwa magazetini. Ukawa wakati wa kalikiti. Nywele zilitiwa dawa, zikaviringwa kwenye rola, zikatoka na mawimbi madogo yaliyopaswa kuloweshwa mafuta kila siku. Wengi tulilala na mifuko ya nailoni kichwani. Mimi niliolewa mwishoni mwa miaka ile ya 80, na aliyechagua kalikiti alikuwa wifi yangu mkubwa, mfanyakazi wa Moshi, aliyesema hawezi kupokea bibi harusi mwenye kichwa cha kijijini. Shangazi zangu wakanyamaza, maana wifi ndiye aliyelipa. Mafuta yalitiririka shingoni hadi kwenye shela ya kuazima, na mwenye shela akaja kuidai na sabuni yake.

Watu wasioijua Same hawawezi kuelewa shida ya saluni zile. Mji wetu uko upande mkavu wa milima. Mawingu yanamwaga mvua yake kule juu, na yakifika kwetu yamebaki kivuli. Dawa ya nywele ikishapakwa haisubiri. Ikizidi dakika zake inaunguza ngozi. Na bomba lilikuwa kavu. Kwa hiyo kabla hujakaa kwenye kiti uliuliza kwanza, dumu la maji lipo? Nimewaona mabinti wakikimbizwa na taulo shingoni kwenda nyumba ya tatu kuomba maji, wanalia kwa moto wa kichwa. Vidonda vya siku ile vilifichwa chini ya shela. Mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochota kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, ulizinduliwa Machi 2025 baada ya miaka mingi ya kuahidiwa. Wanasiasa walitaja hospitali na shule, na ni sawa. Mimi niliwakumbuka wasusi wa stendi.

Miaka ya 90 nitaipita haraka. Televisheni ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, Miss Tanzania ikarudi mwaka huohuo, na muda si muda sendofu na kicheni pati vikapanda mlimani na Land Rover zilezile zilizopandisha chumvi. Yeboyebo, rasta, nywele za kushonea. Mchungaji mmoja alihubiri kwamba nywele za kushonea ni nywele za maiti, na kwa Jumapili kama mbili hivi kwaya ya akina mama iliimba ikiwa na vilemba. Baadaye wakazoea. Poda nayo ikabadilika, na hilo ni jambo la kushukuru kwa dhati. Kwa miaka mingi vipodozi vilivyofika kwetu vilikuwa vya ngozi nyeupe, na bibi harusi mweusi wa Kipare alitoka na uso wa majivu. Dar es Salaam Shekha Nasser wa Shear Illusions alitoa vipodozi vya LuvTouch Manjano kwa ajili ya ngozi za kwetu. Kwingineko duniani mwanamuziki Rihanna alizindua Fenty Beauty Septemba 2017 na rangi 40 za faundesheni, na kampuni kubwa zikashtuka kugundua kwamba watu weusi tuna rangi zaidi ya moja. Dada yangu angepata bahati ya kuzaliwa miaka 40 baadaye, uso wake na mikono yake vingefanana katika ile picha.

Sasa nifike Desemba iliyopita. Desemba ndio mwezi wetu. Watu wa Upare walioko Dar, Arusha na Mwanza wanarudi nyumbani, na wanaooana wanaoana wakati huo. Ilikuwa zamu ya binti wa mdogo wangu. Kamati iliketi kwenye kundi la WhatsApp, na mweka hazina, Mpare halisi, aliposoma bei ya mekapu aliuliza kama ndani yake kuna na ndafu. Hakuna. Mpambaji wa bibi harusi kutoka Arusha alikuwa ghali kuliko mbuzi wa ndafu, tena usafiri na chumba cha kulala ni juu yetu. Kulikuwa na bei ya sendofu, bei ya harusi, bei ya vyote viwili, na malipo ya awali ya kushikilia tarehe ambayo hayarudishwi. Saluni za Same zilipigiwa kura na kushindwa. Mabinti wa pale wana mikono mizuri, baadhi wamesoma vyuo vya ufundi, ila kamati ilisema picha zao hazina mwanga.

Binti alinijia kabla ya kikao. Nywele zake ni fupi, za asili, anazitunza vizuri. Kazini kwake Dodoma anakwenda nazo. Aliniambia angependa kuolewa nazo, labda na ua dogo pembeni. Nilimwambia aseme kwenye kamati, nami ningemuunga mkono, na nilimuunga. Mpiga picha akasema nywele fupi hazitaonekana chini ya shela, atatoka kama mvulana. Matroni akasema wageni wa bwana harusi watadhani familia imekosa hela. Mpambaji akatuma sauti kwamba kifurushi chake ni pamoja na wigi la lesi, ukilitoa bei haipungui. Hoja hii ya mwisho ndiyo iliyomaliza mjadala, kwa Wapare. Hakuna aliyesema juu ya kuchanja kuni. Lakini nilipomtazama binti nilijua kikao hiki nilishawahi kukaa.

Siku yenyewe tulikuwa Same, kwa sababu gari la harusi halipandi Gonja bila kuvaa vumbi lote la barabara ya Kisiwani, japo vipande vyake vimeanza kutiwa lami. Mpambaji alifika kabla ya jua, binti mpole, hodari, na sanduku lenye vyumba kama duka. Nilimwuliza habari zake akanieleza anawasomesha wadogo zake wawili kwa brashi zile. Sina neno baya juu yake. Alifunga mlango. Alisema hawezi kufanya kazi watu wakiwa wengi, na wenye kuruhusiwa ni matroni na mtu wa video. Mama mzazi wa bibi harusi alibaki sebuleni na sahani ya mihogo. Shangazi wa mabutu, ambaye sasa ni bibi kizee na mikono inatetemeka, alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango ule. Kila mlango ulipofunguka aliuliza swali lilelile: mmempa kitu cha kunywa?

Hawakumpa. Prima, faundesheni ya kwanza, ya pili, kivuli cha pua, kope za kubandika, mdomo. Mdomo ukishachorwa hakuna uji. Mnamo saa nne mtu akakumbuka mrija, binti akanyonya maji kidogo. Zamani dada alipochomwa nywele bibi alimlisha uji wa ulezi kwa kijiko, kwa nguvu, akisema asije akaanguka madhabahuni akatuaibisha. Binti huyu alikaa na njaa tangu jana yake usiku mpaka karibu alasiri, na kila mtu alikuwa anamsifu.

Alipendeza. Nasema kweli, alipendeza sana. Machozi pia yaliruhusiwa safari hii, kwa sababu rangi ya siku hizi haitoki kwa maji, na mtu wa video aliomba alie mara ya pili upande wenye mwanga. Jioni ukumbini kope zikaanza kuwasha. Gundi ilikuwa imemkataa. Macho yalivimba, yakawa mekundu, na keki ilikatwa na bibi harusi aliyefumba jicho moja. Mama yake alikuwa anajua fika kwamba binti huyu tangu utotoni ngozi yake haivumilii gundi. Hata plasta ya kidonda ilimtoa malengelenge. Hakuulizwa. Alikuwa sebuleni.

Zamani mwenye kichwa alikuwa shangazi, kanisa na chama. Sasa ni kamati, kifurushi na kamera. Shangazi angalau alijua kidonda kiko wapi. Kamera inakupa picha utakayoitazama miaka 40 bila aibu, na mimi niliye na ile picha ya kijivu siwezi kusema hilo ni dogo. Ila dada yangu, na binti yule, wote wawili walikuwa na ombi moja la nywele, na yote mawili yalijibiwa kwa hoja ya watu watasemaje.

Mkorogo niliahidi kuueleza. Siku hizi matayarisho ya uso yanaanza miezi kabla, na wapo wanaomwambia binti "ajing'arishe" mapema. Baadhi ya krimu za kazi hiyo zina zebaki, inayoharibu figo, na hydroquinone, ambayo inaacha ngozi na mabaka meusi yasiyotoka. Zimepigwa marufuku nchini. Kazi ya kusimamia vipodozi ilikuwa ya TFDA, na tangu mwaka 2019 iko mikononi mwa TBS. Bado zinauzwa, kwenye vikopo visivyo na lebo, na wauzaji ni watu tunaosali nao. Hapa sina mzaha wala kumbukumbu tamu. Mama anayemnunulia binti yake kopo hilo kwa ajili ya harusi anamtia sumu.

Wewe mwenye harusi Desemba ijayo, mwite binti yako peke yake kabla kundi la WhatsApp halijafunguliwa. Muulize anataka kichwa chake kiweje, halafu uandike alivyosema na uipelekee kamati kama uamuzi, siyo kama maoni. Mpambaji ajaribu gundi na rangi zake kwenye mkono wa binti siku mbili kabla, aoshe brashi zake mbele yenu, na mlango usifungwe kwa mama. Saluni ya Same ipewe nafasi ya kujaribu kabla hamjapiga simu Arusha. Na asubuhi ya harusi, uji uje kwanza, mdomo upakwe baadaye.